Kimo na Rangi ya Binti Yangu

Mjukuu wangu anapata riziki yake kwa kuchora vijitu. Si katuni za gazetini. Ni vile vijitu vya michezo ya simu na kompyuta, ambavyo mtu akibonyeza huku, vyenyewe vinakimbia kule. Anachora kijitu, halafu anachora mahali kinapoishi: barabara, uwanja, nyumba. Mwanzoni nilidhani kazi ngumu ni kukifanya kifanane na mtu. Akanicheka, kama mjukuu anavyomcheka bibi yake.

"Hapana, Jaja. Kuchora mtu si tabu. Tabu ni kumfanya aonekane ni wa pale."

Hilo nililielewa upesi kuliko alivyofikiri, maana Kampala nimezeekea na bado wapo wanaoniuliza kwetu ni wapi.

Kwetu ni kaskazini, ng'ambo ya mto Nile. Nilikuja mjini baada ya vita vya themanini na sita, kumfuata mume wangu aliyekuwa polisi, tukapewa nyumba kambini Nsambya. Nyumba nasema kwa heshima tu. Kilikuwa kibanda cha bati cha duara, kama debe kubwa lililofunikwa, sisi tulikiita unipoti. Jua likiwaka tunatoka wote nje. Mvua ikinyesha tunakaa ndani na hatusikizani. Vilipangwa mstari, vinafanana kama mayai, na kati ya mstari na mstari ulikuwa uwanja wa udongo mwekundu ambapo tulipika, tulifua, tuligombana na tulisukana nywele. Huku Mteso, kule Mlugbara, mbele Mnyankole. Lugha yetu ikawa Kiswahili, kilichovunjika mguu, lakini kilitembea.

Majina ya watu wa mstari wetu ninayo yote kichwani, mlango kwa mlango, pamoja na ya kuku wa jirani mmoja aliyewapa kuku wake majina ya wakubwa wa kazini. Mjukuu ameniomba nisiyaandike, kwa kuwa wenyewe hawakuulizwa. Sawa. Nitabaki nayo.

Hapo kambini ndipo binti yangu alipokulia. Alikuwa mrefu. Urefu wake haukuwa wa kusema, "kumbe mrefu". Ulikuwa wa watu kusimamisha mazungumzo. Kamba ya nguo aliyoifunga yeye, hakuna mwingine aliyeifikia. Jirani yetu Mteso, mwanamke mfupi mwenye mdomo, alikuwa akimwona akipita anapaza sauti:

"We mtoto, hewa ya huko juu ikoje leo?"

"Kuna baridi, shangazi. Nikuletee kidogo?"

"Niletee! Huko juu mnatumalizia yote!"

Uwanja mzima unacheka. Ndivyo alivyokuwa: ukimrushia neno, anakurudishia likiwa limepikwa.

Binti yangu alifariki huku mtoto wake akiwa bado ananyonya. Ni ugonjwa ule uliowapitia vijana wa wakati ule, sina haja ya kuutaja. Baba wa mtoto alikwisha kwenda zake. Mtoto nikamlea mimi, ndiye huyu mchoraji. Cha mama yake kilichobaki kilikuwa picha moja ndogo ya kitambulisho: uso, shingo, basi. Mtoto amekua akiutazama uso ule bila kujua uso wenyewe ulikaa juu kiasi gani.

Basi siku moja akanikalisha kwenye kiti chake, akaniambia anataka kutengeneza mchezo wake mwenyewe, si wa kutumwa na mtu. Mchezo wa mwanamke anayetoka bombani na jerikani la maji kichwani, apite uwanja mzima wa kambi mpaka nyumbani. Njiani kila jirani ana jambo lake. Ukisimama kumsalimia kila mtu, maji yanamwagika yote. Ukipita bila salamu, wanakusengenya mpaka unashindwa. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, kwa sababu ni kweli tupu.

"Na huyo mwanamke ni nani?" nikauliza.

Akabonyeza, na kwenye kioo ukatokea uwanja, mabati, moshi. Halafu kikatokea kijitu chenye gauni la buluu.

"Ni mama," akasema. "Jaja, unisaidie. Nataka nimwone akitembea."

Nikasogeza uso karibu na kioo. Nilitazama vizuri. Kilikuwa kijitu kizuri, kinapepesa na macho. Lakini kilitoka mlangoni mwa unipoti kimesimama wima, kama mtu anayetoka kanisani.

"Huyu siye," nikamwambia.

"Uso ni wake, Jaja. Nimeutoa kwenye picha."

"Uso sina neno nao. Mama yako hakutoka mlango ule amesimama hata siku moja. Mlango ule ulikoma hapa." Nikajigusa kidevuni. "Alikuwa anainama, anatanguliza bega, kichwa kinafuata. Akisahau, bati linamkumbusha, sisi tulio nje tunasikia mlio kama wa sufuria."

Akaniangalia. Aliiweka kalamu yake, ile kalamu isiyo na wino.

"Hukuwahi kuniambia."

"Hukuwahi kunionyesha mlango."

Siku hiyohiyo akampigia simu mwenzake wa kazi, akaweka sauti nje ili nami nisikie. Kijana wa watu alisema kwa upole kwamba haifai. Kwenye michezo mtu hupimwa kwa mlango. Mtu akizidi mlango, anayecheza atasema mchoraji amekosea, au atasema hicho ni kibanda cha mbwa.

"Atainama," mjukuu akasema.

"Kila mara?"

"Kila mara. Ndivyo alivyokuwa akiishi."

Nilidhani kumrefusha ni jambo la kuvuta, kama unavyovuta donge la chapati. Hata yeye alijaribu hivyo kwanza. Akamshika kichwani, akamvuta, na kweli kijitu kikarefuka. Lakini nilipokitazama sikukipenda, na sikujua kwa nini. Akanieleza. Vitu vyote pale vimetengenezwa kwa viraba vidogo vidogo vya rangi, na ukimvuta mtu, viraba vyake vinavutika naye. Ukuta una viraba vidogo, mtu ana vikubwa. Nikaona sasa: alikuwa kama mtu aliyejengwa kwa matofali mbele ya ukuta wa kokoto.

"Lazima nimchore upya," akasema, "kwa viraba vilevile vya ukuta. Ukuta na mtu wale sahani moja."

Akamchora upya. Mimi nilikaa nyuma yake kwenye kochi, yeye anauliza, mimi najibu. Mkono ulifika wapi akinyoosha? Juu ya paa, aliweza kuweka sabuni pale watoto wasiifikie. Jerikani kichwani, je, alishika kwa mkono? Mkono mmoja, na wa pili anautupa hivi. Akanisimamisha nimwonyeshe. Nikatembea chumbani na bakuli tupu kichwani, goti linalia, yeye anachora na kunisema, "Jaja, polepole, usianguke ukanifia kabla sijamaliza miguu."

"Kumbe unanitunza kwa ajili ya miguu!"

"Na mikono pia."

Lakini neno lile la kufa, alilitania tu kwa mdomo. Nilijua na yeye alijua. Wa mstari ule, wengine wamerudi kwao, wengine wamelala udongoni. Wa kumweleza mjukuu mama yake alisimamaje, nilibaki mimi.

Kimo kikapatikana. Tukaingia kwenye rangi, na hapo ndipo tulipokwama.

Gauni lake lilikuwa buluu. Nililikata mimi mwenyewe, kitambaa alichokichagua mwenyewe sokoni Nakasero, na nilikuwa na hakika na buluu yake kama ninavyoijua chumvi. Mjukuu akaniwekea buluu. Nikasema, hii imefifia. Akaongeza. Nikasema, bado, hii ni ya nguo iliyofuliwa ikachoka. Akaongeza. Kila nilipoketi pale jioni, nilikuta binti yangu amevaa kijivu, na moyo ukaniuma, nikamwambia mjukuu, "Kwani mnaogopa rangi? Mama yako hakuwa maskini wa rangi. Ongeza!"

"Kale, sawa, Jaja," akasema. Alikuwa ananijibu vizuri sana siku hizo, na mimi nikadhani ni heshima.

Jirani yetu wa sasa ni mama Mkongo, mtu wa Bukavu, mchuuzi wa vitenge. Asubuhi hupitisha bidhaa zake mtaani Namuwongo, mchana hupita kwetu kupumzisha miguu. Siku hiyo aliingia, akatua furushi, akatazama kioo, akapiga kofi la mshangao.

"Eh! Mama! Huyu ni nani anatembea na moto wa bulu?"

"Ni binti yangu," nikasema, kwa sauti ya kumwonya.

"Pole, mama. Muzuri, muzuri sana. Lakini robe yake, hii gauni, inapiga kelele. Kiwanja kyote kimenyamaza, yeye peke yake analalamika. Ni kama mutu alimukata kwa gazeti akamubandika pale."

Nilikasirika. Nikamwambia kama hajui rangi aende akauze mihogo, maana buluu ile hata haikutosha. Yeye hakukasirika. Akafungua furushi, akatoa kitenge kimoja, akakishika mbele yangu.

"Mama, hii ni rangi gani?"

"Nyeusi."

Akatoa kingine. "Na hii?"

"Nayo nyeusi. Unaniuzia ya msiba?"

Akamgeukia mjukuu wangu, na mjukuu akawa tayari ameshika kichwa. "Ya pili ndiyo nyeusi," yule mama akasema taratibu. "Ya kwanza haiko nyeusi, mama. Iko bulu. Bulu ya usiku, lakini bulu. Macho yako inakula bulu."

Kumbe nilikuwa na mtoto wa jicho, katika macho yote mawili, na alikuwa amekomaa. Niliuona ule ukungu, lakini nilidhani ni uzee, na uzee hauna dawa. Daktari alinieleza kwamba macho ya namna ile hutanguliza kupoteza buluu. Inaingia ndani kama kwenye chai, inageuka kahawia na kijivu. Nikamwuliza, "Kwa hiyo ni muda gani naona uongo?" Akasema si uongo, mama, ni dirisha chafu.

Wakanipasua, na siku waliponifungua kitambaa cha jicho la kwanza, kitu cha kwanza nilichokiona ni sweta la nesi. Lilikuwa buluu. Nikalishika. Nesi akafikiri naanguka, akanikamata mkono, nami namng'ang'ania sweta na kusema, "Hii ndiyo, hii ndiyo." Nje nikasimama kutazama juu mpaka mjukuu akanivuta, watu wa boda boda walikuwa wananipigia honi. Sikujali. Nani alikuwa ameniambia kwamba mbingu bado iko vile?

Tulipofika nyumbani, kabla ya chai, nikamwambia, "Washa mashine yako."

Akasitasita. "Pumzika kwanza, Jaja."

"Washa."

Akawasha. Banange, jamani! Uwanja ulikuwa mzuri, udongo mwekundu wa taratibu, mabati yenye kutu pembeni, moshi. Na katikati pale binti yangu mrefu, na amevaa turubai la wakimbizi. Buluu inayoumiza meno. Hata jerikani lilikuwa linaona haya kukaa juu yake.

"Nani kamvika mtoto wangu hivi?"

Mjukuu alianza kucheka, akacheka mpaka machozi, na mwisho sikujua ni machozi ya kipi. "Ni wewe, Jaja! Kila siku, ongeza, ongeza!"

"Na wewe ukawa unaongeza tu, umesomea rangi chuo kizima? Kwa nini hukusema?"

Akajifuta uso kwa ukosi wa blauzi. "Ningekuambia nini? Wewe ndiye umemwona. Nilidhani pengine alikuwa hivyo kweli. Nilidhani ndivyo mtu anavyoonekana ukiwa umempenda."

Nikamwambia alete chai.

Baada ya chai tukaanza kumshusha. Na hapa naomba msomaji anielewe, kwa sababu kumshusha rangi mtoto uliyemzika si sawa na kupunguza taa. Kwanza akaiweka buluu ya kweli, nami nikaitambua palepale, ile ya Nakasero, nikaitika kama mtu aliyeitwa. Lakini bado alikuwa amebandikwa. Mjukuu akasema kitambaa kipya dukani ni kimoja, kitambaa mwilini mwa mtu aliyesimama mahali ni kingine.

"Kila kilichopo hapa, Jaja, lazima kionje rangi ya hapa. Angalia." Akachota wekundu wa udongo, tone, akaupaka kwenye pindo la gauni. Akachota mwanga wa bati, akamgusisha begani. Akamwekea kivuli miguuni, cha zambarau kidogo, na mara miguu ikashika ardhi. Kumbe siku zote alikuwa anaelea.

Lakini lile pindo lilinichoma.

"Mtoe uchafu," nikasema. "Binti yangu alikuwa msafi."

"Siyo uchafu, Jaja, ni—"

"Nimemfulia mwenyewe. Utoe."

Akautoa, bila kubishana. Gauni likang'aa, na binti yangu akajitenga tena na uwanja, peke yake, kama mgeni aliyepita kuuliza njia. Nilimtazama hivyo kwa muda. Nikakumbuka mambo ambayo nilikuwa sijayakumbuka tangu tulipohama. Kwamba asubuhi tulitoka sote tumefuliwa, mke wa koplo na mke wa inspekta, na kufika saa sita mapindo yetu yote yalikuwa rangi moja. Vumbi la pale halikuuliza usafi wa mtu wala kabila lake. Ukiona mwanamke ana pindo safi mchana, ujue ni mgeni, na watoto wanamfuata kumwangalia. Sisi tulipotoka kwenda mjini tulijulikana kwa hilo, wauza nyanya walitutazama miguuni kwanza, wakasema, "Hao wa kambi."

Miaka ile niliona aibu kwa pindo langu. Sasa nilikuwa namnyima mtoto wangu la kwake, na bila hilo hana mahali pa kukaa.

"Rudisha," nikamwambia mjukuu. "Na upandishe kidogo. Mtu mrefu hatua zake ni ndefu, anajirushia vumbi mpaka hapa." Nikajigusa chini ya goti.

Akarudisha, akapandisha. Halafu akabonyeza, na binti yangu akatoka bombani.

Sitasema alikuwa yeye. Mimi si mtoto. Najua ni viraba. Lakini alikuja na ule mkono mmoja wa kutupa, gauni lake likiwa na haki yake ya buluu na haki yake ya udongo, na alipopita mbele ya moshi wa jiko la jirani, moshi ukampitia kidogo, na hakuna kitu pale uwanjani kilichomshangaa. Alikuwa wa pale. Mjukuu alikuwa hatazami kioo. Ananitazama mimi, usoni, kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

"Ndiye?" akauliza.

Nilitaka kumjibu vizuri, kwa maneno ya kufaa. Lakini jicho langu jipya lilikuwa linaona kila kitu, na nyuma ya mabati, pembeni mwa ile mbingu aliyoichora, niliona wingu zito limejikunja, na kambani nguo za watu wote, na huyu anapita tu na maji yake kichwani, hana habari.

"We!" nikampigia kelele. "We, huoni mvua? Tua hayo maji uanue nguo! Mpaka niseme mimi? Na za shangazi yako uzianue pia, unajua hafiki!"

Nilisikia sauti yangu, nikanyamaza. Ilikuwa sauti ya miaka ile, kali, iliyokuwa inavuka uwanja. Sikujua kama bado ninayo.

Mjukuu alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili. Akasogea, akakaa sakafuni karibu na miguu yangu.

"Halafu?" akasema. "Jaja, ukimwambia hivyo, yeye alikuwa anakujibu nini?"